Kutumainia ahadi za Mungu (Kagio na Mlima Kenya)

Kutumainia ahadi za Mungu, katika imani ya Kikristo, ni kuyaegemeza maisha yote juu ya neno ambalo Mungu amelitoa, hata kabla ya kuona utimilifu wake. Makala hii inaeleza fundisho hilo kama linavyofahamika Kagio, mji wa soko la nyanya na mboga katika Kaunti ya Kirinyaga, na katika nchi inayouzunguka Mlima Kenya.

Maana ya neno

Kagio husali kwa Kigikuyu na kwa Kiswahili, na lugha hizo mbili zinaafikiana katika jambo hili. Kwa Kigikuyu, kutumaini ni *kwĩhoka*, na anayestahili kutumainiwa ni *mwĩhokeku*. Kwa Kiswahili, kuamini na mwaminifu ni matawi ya shina moja. Hivyo lugha zenyewe zafundisha kwamba imani husimama juu ya tabia ya aliyeahidi, wala haipimwi kwa nguvu za moyo wa anayengoja.

Msingi katika Biblia

Mfano mkuu ni Ibrahimu, aliyeahidiwa uzao na nchi akiwa mzee asiye na mtoto. Paulo anamrejea katika Warumi sura ya 4, naye mwandishi wa Waebrania, sura ya 11, anawataja wengi waliokufa kabla ya kupokea walichoahidiwa. Katika barua ya pili kwa Wakorintho, Paulo anafundisha kwamba ahadi zote za Mungu zimethibitishwa katika Kristo. Ndiyo maana Wakristo huzisoma ahadi za Agano la Kale kupitia msalaba na ufufuo.

Historia

Wamisionari hawakuwakuta watu wasiojua ahadi. Katika simulizi za Wagikuyu, alizoziandika pia Jomo Kenyatta katika *Facing Mount Kenya* (1938), Ngai, yaani Mungu, alimpa Gikuyu nchi, na wazee waliomba wakiuelekea Mlima Kenya, wanaouita Kirinyaga. Wamisionari wa Consolata walifika mwaka 1902, Waskoti wakajenga kituo cha Tumutumu karibu na Karatina, nao Waanglikana wakafungua kituo cha Kabare mwaka 1910. Agano Jipya la Kigikuyu lilitoka mwaka 1926, na watu wakaanza kusoma ahadi za Mungu kwa lugha ya mama.

Mwaka 1937 uamsho uliotokea Rwanda na Uganda ulifika Kenya. Waliookoka, *ahonoki*, walijaribiwa vikali baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau, harakati iliyopigana na serikali ya kikoloni, na baadhi wakakataa pia bunduki za serikali hiyo; kuna waliouawa. Wapiganaji wa Mau Mau msituni nao walimwomba Ngai huku wakidai nchi waliyoamini kwamba aliwapa. Pande zote mbili zilikuwa na ahadi moyoni, na uchungu wa miaka ile hauelezeki bila kulikumbuka hilo. Huko Mwea, jirani na Kagio, wafungwa wa Hali ya Hatari walilazimishwa kufanya kazi iliyoanzisha mashamba ya mpunga yanayoonekana hadi leo.

Murang'a lilijengwa kanisa la kuwakumbuka Wakristo waliouawa, ambalo leo ni kanisa kuu la Mtakatifu James na Mashahidi Wote. Ndani yake Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora picha 5 kubwa ukutani. Katika picha hizo Yesu ni Mwafrika, anazaliwa na kusulubiwa katikati ya vilima vya Ugikuyu. Anayeketi mbele ya picha hizo anaona ahadi ya Bethlehemu ikiwa imewekwa kwenye udongo anaoulima yeye.

Kirinyaga ilimtoa pia David Gitari (1937–2013), askofu na baadaye Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Kenya kuanzia 1997 hadi 2002. Alihubiri haki wakati wa utawala wa chama kimoja, na mwaka 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Alinusurika, akaendelea kuhubiri.

Katika ibada

Fundisho hili huonekana wazi siku ya shukrani ya mavuno. Waumini huleta mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku aliyefungwa miguu, ndoo ya nyanya. Baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada uwanjani, na fedha huingia katika kazi ya kanisa. Kuna msimu ambapo bei ya nyanya imeanguka na mkulima hakurudisha hata gharama ya dawa, lakini analeta ndoo yake. Hiyo ndoo ndiyo imani yake.

Mjadala

Baadhi ya wahubiri hufundisha kwamba anayetoa sadaka ataongezewa mali bila shaka, na kwamba asiyepona ana upungufu wa imani. Fundisho hilo humwongezea mgonjwa mzigo wa lawama, na halipatani na Waebrania 11, kwa kuwa kati ya wanaosifiwa pale wengine waliokoka makali ya upanga na wengine waliuawa kwa upanga, wote kwa imani ileile. Mungu aliahidi kuwa pamoja na watu wake, kuwasamehe na kuwafufua. Bei ya nyanya hakuiahidi. Anayeijua tofauti hiyo hatatapeliwa kwa jina la Mungu, wala hatamwacha Mungu mavuno yakiharibika.