Fahamu Mipaka ya Bima Ndogo ya Gari Kabla ya Ajali Kutokea
Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Magari yanayosafirisha dagaa kutoka Soko la Mwaloni, Kirumba, daladala za Igoma na Buhongwa, pamoja na bodaboda za mitaani, vyote vinatakiwa kuwa na bima kabla ya kuingia barabarani. Wamiliki wengi huchagua bima ndogo kwa sababu ya unafuu wake. Baadhi yao hufahamu mipaka ya bima hiyo baada ya ajali, wakati mkataba hauwezi tena kubadilishwa.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka mwenye chombo cha moto awe na bima ya dhima kwa mtu wa tatu, yaani mtu anayepatwa na madhara kutokana na matumizi ya chombo hicho barabarani. Kinacholazimishwa na sheria ni kinga dhidi ya kifo na majeraha ya mwili. Fidia ya uharibifu wa mali ya mtu mwingine hutegemea masharti ya mkataba.

Mpaka wa kwanza ni kwamba bima ndogo humlinda mwenye gari dhidi ya madai ya wengine, na si dhidi ya hasara yake mwenyewe. Gari lake likiharibika au shehena yake ikimwagika, hatalipwa. Hasara ya gari hukingwa na bima kubwa, na mzigo huhitaji bima yake.

Mpaka wa pili ni kiwango cha fedha. Tuchukue mfano wa mkataba wenye kikomo cha shilingi milioni 20 kwa uharibifu wa mali. Gari likigonga duka na hasara ikafikia shilingi milioni 28, kampuni hulipa hadi kikomo hicho, na shilingi milioni 8 zinazobaki ni deni la mwenye gari. Mahakama ikishatoa hukumu, deni hilo linaweza kulipwa kwa kukamatwa kwa mali zake.

Mpaka wa tatu unahusu watu waliomo ndani ya gari. Bima hii ya lazima haihusu mfanyakazi wa mwenye gari, kama vile utingo, anayeumia akiwa kazini. Fidia yake husimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), hivyo mwajiri anapaswa kujisajili na kuchangia.

Mpaka wa nne ni matumizi. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likibeba abiria kwa nauli, au likiendeshwa na dereva asiye na leseni ama aliyelewa, masharti ya mkataba huwa yamevunjwa. Kampuni inaweza kukataa dai, au ikamlipa aliyeumia kisha ikamgeukia mwenye gari kudai fedha zake.

Mpaka wa tano ni wa kijiografia. Kwa anayevuka Sirari kwenda Kenya au Mutukula kwenda Uganda, bima ya ndani pekee haitoshi. Anapaswa kupata Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki katika mpango wake. Aidha, bima ya gari haihusu boti wala mitumbwi ziwani.

Wananchi wanashauriwa kusoma mkataba wote kabla ya kulipa, hususan vipengele vya viwango vya juu vya malipo na mambo yasiyolipwa. Ni muhimu pia kuhakiki stika ya bima kupitia mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), kwani stika bandia haina kinga yoyote.

Ajali ikitokea, toa taarifa polisi na kwa kampuni ya bima bila kuchelewa. Usikiri kosa wala kuahidi malipo kabla ya kuwasiliana na kampuni, kwa kuwa ahadi hiyo inaweza kuathiri dai lako. Ukipokea hati ya kuitwa mahakamani, iwasilishe kwa kampuni mara moja.

Mwananchi asiyeridhika na uamuzi wa kampuni anaweza kuwasilisha malalamiko TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Haki hiyo ni ya mwenye gari na pia ya aliyeumia anayedai fidia.