Grand Prix ya FIDE ya 2022

Grand Prix ya FIDE ya 2022 ilikuwa mfululizo wa mashindano matatu ya sataranji ya Shirikisho la Kimataifa, yaliyochezwa Berlin, Belgrade, kisha Berlin tena, kati ya Februari na Aprili 2022. Kila shindano lilikuwa na wachezaji 16 katika makundi manne. Ndani ya kundi kila mmoja alikutana na mwenzake mara mbili, kwa kete nyeupe na nyeusi, na kinara peke yake ndiye aliyeingia nusu fainali. Mshindi wa pili alifunga virago. Huo ulikuwa mchujo mkali. Hatua ya mtoano ilikuwa ya michezo miwili mirefu, na sare iliamuliwa kwa michezo ya haraka.

Hikaru Nakamura wa Marekani, aliyekuwa amekaa zaidi ya miaka miwili bila kucheza michezo mirefu, alimshinda Levon Aronian kwenye fainali ya kwanza. Richárd Rapport alitwaa Belgrade, Wesley So akamfunga Nakamura katika fainali ya mwisho. Kwa jumla ya pointi, Nakamura na Rapport walifuzu Mashindano ya Wagombea, Madrid.