Jozi za Pembe na Istilahi Zake: Ushahidi wa Mombasa

Wapo wanaodai kwamba fikra za jometri ni ngeni kwa Kiswahili, na kwamba istilahi zake hazina budi kuazimwa. Dai hilo lafaa kupimwa kwa historia, na kisiwa cha Mombasa kinatoa ushahidi wa kutosha.

Neno pembe hubeba maana ya jino la ndovu, kona ya nyumba, na mwachano wa mistari miwili inayokutana. Lugha ya mabaharia ina bikari na dira. Ya waashi ina timazi. Katika kazi hizo jozi mbili za pembe hutumika hata pasipo majina ya darasani.

Jozi ya kwanza jumla yake ni nyuzi 90. Mombasa iko kiasi cha nyuzi 4 kusini ya ikweta. Adhuhuri ya siku ambayo usiku na mchana hulingana, mwezi Machi au Septemba, jua huwa nyuzi 86 juu ya upeo wa macho, na husaliwa na nyuzi 4 kufika utosini. Ajuaye moja huijua ya pili. Ndivyo baharia apatavyo umbali wake kutoka ikweta.

Jozi ya pili jumla yake ni nyuzi 180. Ngome ya Yesu, kando ya Mji wa Kale, ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Kuta zake hupinda ili mizinga ya buruji moja ilinde uso wa buruji jirani. Ukuta ukiuacha mstari ulionyoka kwa nyuzi 60, pembe ya ndani huwa 120. Mwashi akikosea moja, ameharibu zote mbili.

Ugumu basi umo katika majina. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, si Kimvita, kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Istilahi za hesabu zilingoja. Tanzania ilipofanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, zilihitajiwa upesi; nchini Kenya hesabu ya madarasa ya juu iliendelea kwa Kiingereza.

Vitenzi kukamilisha na kujaliza, katika usemi wa kawaida, vyote humaanisha kutimiza kilichopungua. Majina yakijengwa juu yake, mwanafunzi hana cha kumwonyesha ipi ni 90 na ipi ni 180. Majina yatokanayo na umbo, yaani jozi ya mraba na jozi ya mstari, yangejieleza yenyewe, hata pembe zikiwa mbalimbali. Istilahi isiyoeleweka humfanya mtoto aone hesabu ni ngumu, ilhali kilicho kigumu ni neno.