Li & Fung

Li & Fung ni kampuni ya biashara ya Hong Kong iliyojipatia jina kwa kusimamia utengenezaji wa nguo, vitu vya kuchezea watoto na bidhaa za nyumbani kwa niaba ya maduka makubwa ya Marekani na Ulaya. Viwanda vilivyoshona nguo hizo havikuwa vyake, wala maduka yaliyoziuza. Kazi yake ilikuwa kujua nani anaweza kufanya nini, wapi, kwa bei gani na kwa siku ngapi.

Ilianzishwa Guangzhou, China, mwaka 1906 na Fung Pak-liu na Li To-ming, ikisafirisha kaure, hariri na fataki. Mtaji mkuu wa Fung ulikuwa ulimi: alijua Kiingereza, na bila yeye mwenye kiwanda na mnunuzi wa Marekani wasingeelewana. Kwa ukalimani huo alipata kamisheni ya asilimia 15. Kizazi cha pili kikashuka hadi 10, kisha 5, kisha 3, kwa sababu wanunuzi walikwisha kuijua njia ya kiwandani wenyewe.

Mwaka 1937 kampuni ilisajiliwa Hong Kong. Wajukuu wa Fung, Victor na William, walirudi kutoka Marekani katika miaka ya 1970 na kuikuta biashara ya udalali ikififia. Walichofanya ni kuipa kazi ngumu zaidi. Mwaka 1998 Victor aliieleza kwa mfano katika jarida la Harvard Business Review. Duka la Ulaya linaagiza nguo 10,000. Uzi unanunuliwa Korea, unafumwa na kutiwa rangi Taiwan. Zipu ni za kampuni ya Kijapani ya YKK, zinatoka katika viwanda vyake vya China. Ushonaji unafanyika Thailand, tena katika viwanda vitano kwa mpigo ili oda isichelewe. Zikifika dukani, zote zinaonekana zimetoka kwa fundi mmoja.

Siri ya mpango huo ni muda. Kampuni ilikamata mapema uzi usiotiwa rangi, pamoja na nafasi kwa wafumaji na watia rangi, kabla mteja hajaamua anataka rangi gani. Mteja alitaja rangi na saizi wiki tano tu kabla ya kupokea mzigo, akiwa ameshaona wanunuzi wake wanapenda nini. Anayeagiza kwa kubahatisha miezi mingi kabla huishia kuuza kwa hasara nguo zilizokataliwa, na hasara hiyo ndiyo inayopandisha bei ya zilizokubalika. Victor alisema kitu kinachotoka kiwandani kwa dola 1 huuzwa dukani kwa dola 4. Kuibana ile dola 1 kuna faida ndogo, kwa hiyo alizifuata zile 3 za katikati: usafirishaji, ghala, bidhaa zilizododa.

Kwota nazo zilichangia kuipa kampuni kazi. Kuanzia 1974 hadi mwisho wa 2004, Mkataba wa Nyuzi Nyingi na makubaliano yaliyoufuata viliziwekea nchi zinazoendelea kikomo cha nguo za kuuza katika nchi tajiri. Kujua nchi ipi bado ina nafasi kulikuwa bidhaa yenye thamani.

Kiwandani, kampuni ilipendelea kuchukua kati ya asilimia 30 na 70 ya uwezo wa uzalishaji: kiasi cha kutosha kusikilizwa, lakini si cha kumfanya mwenye kiwanda aitegemee peke yake. Busara hiyo ya kibiashara ina upande mchungu. Novemba 2012 kiwanda cha Tazreen, karibu na Dhaka, Bangladesh, kiliungua na kuua wafanyakazi zaidi ya 110. Li & Fung ilikiri kuwa ilikuwa na oda pale, ikaahidi kuzisaidia familia za marehemu. Kazi inapogawanywa kwa mikono mingi, kila mkono hupata pa kusogezea lawama, na aliyechagua kiwanda hawezi kuwa wa mwisho kuulizwa kuhusu milango yake ya dharura.

Mwaka 1995 kampuni ilinunua Inchcape Buying Services na kukaribia kuongezeka maradufu. Mwaka 2010 iliingia mkataba na Walmart. Baadaye biashara ya mtandaoni iliyabana maduka yaliyokuwa wateja wake, na wengine wakaanza kuagiza moja kwa moja viwandani. Mwaka 2017 iliondolewa katika Hang Seng, faharisi ya kampuni kubwa za soko la hisa la Hong Kong. Mwaka 2020 familia ya Fung, ikishirikiana na kampuni ya maghala ya GLP, iliitoa katika soko la hisa.