Kidigo hakingoji mabilioni ya dola

Wanangu, leo historia kidogo. Ya juzi tu, msikimbie.

Tarehe 27 Januari 2025 Nvidia, wale wauzaji wa chipu za AI, walipoteza karibu dola bilioni 589 za thamani yao sokoni. Siku moja! Kisa ni Wachina wa DeepSeek. Tangu Oktoba 2022 Marekani ilikuwa imezuia chipu kali zaidi kuuzwa China, kwa hivyo jamaa wakatumia H800, zilizopunguzwa makali, na ikabidi waumize kichwa. Walisema mafunzo ya mwisho ya modeli yao ya V3 yaligharimu kama dola milioni 5.6, kwa chipu 2,048. (Hapo hawajahesabu majaribio ya mwanzo, kwa hivyo hizo stori za "AI ya bei ya nyumba" muziache.)

Ujanja wenyewe ni huu: V3 ina vigezo bilioni 671, yaani zile namba zinazobeba ujuzi wake, lakini kwa kila kipande cha neno inaamsha bilioni 37 pekee. Ni kama wazee hapa Kikoneni. Kesi ikiwa ya mpaka wa shamba, unaita wanaojua mipaka. Ukiita kijiji kizima, pilau utaipika wewe?

Lakini stori inayonikuna mimi ilitangulia hiyo, na sioni mtu akiizungumzia. Mwaka 2021 Kelechi Ogueji na wenzake, Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada, walitengeneza AfriBERTa. Waliifunza kwa maandishi yasiyofika gigabaiti moja, lugha 11 za Afrika, Kiswahili kikiwemo. XLM-R ya Facebook ilikuwa imelishwa zaidi ya terabaiti mbili. Kwenye kazi kama kutambua majina ya watu na mahali, ile ndogo ilisimama na lile jitu, na kwa lugha kadhaa ikalipita. Chini ya gigabaiti moja, bana! Bando ya siku hiyo.

Kidigo hakikuwa kati ya hizo 11. Kamusi tunayo, Mgombato, ya 2004. Chipu mtu anaweza kukodi. Maandishi ya Kidigo utayakodi wapi, na kila ngano iko kichwani mwa nyanya wa mtu?

Mimi nimeanza kuandika za nyanya yangu, anasimulia jioni nikirekodi kwa simu. Faili imefika kilobaiti 41. Walio Lungalunga, Msambweni, Shimba Hills, za kwenu ziko ngapi?