Sita yuko wapi?

Mechi ya Namungo ikichacha kwenye Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, hazipiti dakika nyingi kabla mtu hajasimama jukwaani na kupaza sauti: "Sita yuko wapi?" Hakuna anayeshangaa. Kiungo anayelaumiwa huenda mgongoni kavaa 18 au 27, lakini kila aliyekaa pale, awe mkulima wa korosho kutoka Chinongwe au mwalimu aliyepanda basi Nachingwea, anajua ni nani anayetafutwa. Ni yule anayetakiwa kusimama mbele ya mabeki wa kati na kuziba njia.

Cha ajabu, huyo sita hakuzaliwa katikati ya uwanja. Babu yake alikuwa hafu wa kushoto, mzaliwa wa Uingereza ya karne ya 19. Anayetaka kujua mpira ulivyobadilika anaweza kuiacha michoro ya makocha ubaoni na kuifuata hiyo namba moja tu.

Mechi ya kwanza ya mataifa, Uskoti na Uingereza, ilichezwa Glasgow Novemba 30, 1872, ikaisha 0-0. Sare hiyo inachekesha ukijua kwamba Waingereza walipanga washambuliaji wanane na Waskoti sita. Mwingereza akiupata mpira alikimbia nao mpaka anyang'anywe, wenzake wakimfuata kwa kundi kama chandimu ya watoto nyuma ya soko. Waskoti walipasiana. Pasi zinahitaji watu wa kuzipokea katikati, na kufikia miaka ya 1880 timu nyingi zilitulia kwenye 2-3-5: mabeki wawili, hafu watatu, mafowadi watano.

Namba mgongoni zilikuja baadaye sana. Arsenal walizivaa Agosti 25, 1928 dhidi ya Sheffield Wednesday, na mwaka 1939 ligi ya Uingereza ikazifanya lazima. Zilihesabiwa kutoka nyuma kwenda mbele, kulia kwenda kushoto: kipa 1, mabeki 2 na 3, hafu 4, 5 na 6, kisha mafowadi 7 hadi 11. Hesabu safi kabisa, isipokuwa kwamba mpangilio uliohesabiwa ulikuwa umeshaanza kuzikwa.

Aliyeuchimbia kaburi ni sheria ya kuotea. Hadi mwaka 1925 mshambuliaji alitakiwa awe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli; mwaka huo wakapunguzwa wakawa wawili. Katika daraja la kwanza la Uingereza mabao yaliruka kutoka 1,192 hadi 1,703 kwa msimu mmoja. Oktoba 1925 Arsenal walipigwa 7-0 na Newcastle. Mshambuliaji wao, Charlie Buchan, akashikilia kwamba senta hafu arudi nyuma akae kati ya mabeki wawili, na kocha Herbert Chapman akakubali. Hivyo ndivyo namba 5 alivyoacha kiungo na kuwa beki. Ili pengo lake lizibwe, insaidi wawili, namba 8 na 10, nao wakateremka. Ukiitazama timu hiyo kwa juu unaona herufi mbili, W juu ya M.

Mpira uliochezwa Afrika Mashariki katika miongo iliyofuata ulizungumza lugha hiyo. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda, Tanganyika ikajiunga 1945 na Zanzibar 1949. Yanga ilianzishwa 1935, watani wao Simba mwaka uliofuata. Maneno "senta hafu", "fulubeki" na "senta fowadi", ambayo wazee bado wanayatamka bila kufikiri, ni ya enzi hizo. Baadaye, kwa mtu wa kusini aliyekuwa mbali na viwanja vya Dar es Salaam, redio ilikuwa ndiyo jukwaa, na nafasi za wachezaji ndizo zilizomchorea uwanja kichwani.

Kuziamini namba kuna hatari yake, na Waingereza waliionja Novemba 25, 1953 kwenye uwanja wao wa Wembley. Nándor Hidegkuti wa Hungaria alivaa 9, namba ya senta fowadi, lakini hakusimama mbele. Alirudi nyuma kwenye kiungo. Harry Johnston, beki wa kati wa Uingereza, akabaki njia panda: akimfuata anaacha shimo mlangoni, akibaki anamwachia mtu wa kupanga mashambulizi kwa raha zake. Hidegkuti alifunga matatu na Hungaria ikashinda 6-3. Zaidi ya nusu karne baadaye, Barcelona ilipomrudisha Lionel Messi nyuma kutoka nafasi ya tisa, dunia ilishangilia kana kwamba jambo hilo limeonekana kwa mara ya kwanza.

Brazil ikatwaa Kombe la Dunia 1958 kwa 4-2-4, ikiifunga Sweden 5-2 kwenye fainali, na mabeki wanne wakawa fasheni. Hapo ndipo namba zilipotawanyika, kwa sababu ilibidi hafu mmoja zaidi arudi nyuma na kila nchi ilimchagua wake. Waingereza walimrudisha 6. Ndiyo maana Bobby Moore, nahodha wao wa 1966, alikuwa beki wa kati mwenye 6 mgongoni. Kwetu aliyerudi ni 4. Akasimama ubavuni mwa 5, naye sita akabaki kwenye kiungo, akasogea katikati, akawa mkabaji. Argentina wakafanya lao: mabeki wao wa kati ni 2 na 6, na anayekaba mbele yao ni 5. Kwa hiyo Miguel Gamondi, Mwajentina aliyekuwa kocha wa Yanga ilipoifunga Simba 5-1 Novemba 5, 2023, alikuja na hesabu ambayo "tano" yake ndiyo "sita" ya shabiki wa Jangwani.

Mashabiki wa Simba watakumbusha, na ni haki yao, kwamba Julai 19, 1977 walishinda 6-0: matatu ya Abdallah Kibadeni, mawili ya Jumanne Hassan "Masimenti", na Selemani Sanga wa Yanga akajifunga. Lakini mechi iliyofundisha zaidi ilichezwa ugenini miaka miwili baadaye. Taifa Stars ilikwenda Ndola, Zambia, mwaka 1979 ikiwa na bao moja la nyumbani la kulinda. Zambia wakatangulia, Peter Tino akasawazisha, na Tanzania ikafuzu kwa fainali za Afrika za 1980 kule Lagos. Nyuma walikuwapo Jella Mtagwa na Leodegar Tenga, mabeki wa kati ambao wazee huwataja pamoja, kwa pumzi moja.

Tangu hapo kazi imezidi kuihama namba. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kudaka pasi ya mguu kutoka kwa mwenzake, akalazimika kujifunza kucheza. Mfumo wa 4-2-3-1 ukaleta sita wawili. Mbili na tatu, waliokuwa wa kubaki nyumbani, sasa wanapanda hadi kwenye kona ya mpinzani, na kocha akipanga mabeki watatu wa kati, wao ndio wanakuwa mawinga.

Namungo yenyewe ni mtoto wa zama hizi. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, chini ya Hitimana Thierry ikamaliza ya nne, na Agosti 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba mjini Sumbawanga. Ililala 2-1. Bao lake pekee lilifungwa na beki, Edward Manyama. Msimu uliofuata, ikiwa na Hemed Suleiman "Morocco", iliitoa 1º de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5, mechi zote mbili zikichezwa Dar es Salaam, na kuingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Huko ilikutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikapoteza mechi zote sita.

Morocco huyohuyo ndiye aliyeachiwa Taifa Stars Januari 2024 kwenye fainali za Afrika nchini Ivory Coast, baada ya kocha Adel Amrouche kufungiwa. Mechi yake ya kwanza ilikuwa na Zambia, wale wale wa Ndola. Simon Msuva alifunga mapema, Zambia wakabaki kumi kwa kadi nyekundu, na Stars ikawa inaelekea kwenye ushindi wake wa kwanza kabisa katika fainali hizo. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa.

Usiku ule kwenye vibanda umiza ubishi haukuwa wa 4-4-2 wala 4-3-3. Wengine waliwasema mabeki wa kati, wengine walisema timu ilirudi nyuma mno dhidi ya watu kumi, na hakukosekana aliyeuliza sita alikuwa wapi.