Chemchemi za Juu na Chemchemi za Chini: Haydom, Kainam na Maji Moto

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 15, imeandikwa habari ya Aksa binti Kalebu, aliyeozwa akapewa nchi kavu ya kusini. Aksa hakunung'unika. Alishuka juu ya punda wake, akamwomba baba yake ampe na visima vya maji. Naye akapewa chemchemi za juu na chemchemi za chini. Tulilikumbuka ombi hilo siku tulipofunga safari kutoka Haydom kwenda Kainam, na baadaye kuteremka mpaka kwenye maji moto yaliyo kando ya Ziwa Manyara. Tulikuwa tukiifuata, kwa kinyumenyume, njia ya watu waliohamia Haydom; nao, kama Aksa, walikwenda kukaa katika nchi kavu huku wakizikumbuka chemchemi za kwao.

Historia ya kanisa katika Haydom, kama inavyosimuliwa mara nyingi, huanza mwaka 1955, hospitali ilipofunguliwa na wamisionari Walutheri wa Norway. Hatuna ugomvi na mwaka huo. Ila yafaa tukumbuke kwamba watu hawakuja Haydom kwa sababu ya hospitali. Hospitali ndiyo iliyojengwa kwa kuwa watu walikuwa wakija. Nchi ile, iliyo kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, ilikuwa na vichaka vyenye mbung'o. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifyeka vichaka hivyo katika sehemu nyingi za Mbulu ili Wairaqw waliosongamana milimani wapate mahali pa kulima na kulisha mifugo. Wakatawanyika kaskazini mpaka Karatu na Oldeani, na kusini mpaka Dongobesh na kuendelea. Huko kusini walikutana na Wadatoga wenye ng'ombe wao, Wahadzabe wa bonde la Yaeda, na Waihanzu upande wa magharibi. Wanafunzi wa lugha hupenda kutaja kwamba katika eneo hili dogo zinasikika lugha za Kikushi, Kiniloti, Kibantu na Kihadza, na ni kweli. Lakini kwa mchungaji jambo hilo ni zaidi ya udadisi, maana ndilo linalomkabili kila Jumapili mlangoni pa kanisa.

Hapa tuseme neno moja kando. Bado tunasoma katika kazi za wanafunzi wetu kwamba Wairaqw walitoka Iraki, kwa hoja kwamba majina yanafanana. Ole Bjørn Rekdal aliichunguza habari hii katika makala ya mwaka 1998 akaonyesha jinsi dhana ya wageni ilivyogeuka kuwa masimulizi ya wenyeji wenyewe. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na jamaa zake watafutwe upande wa Ethiopia na Pembe ya Afrika. Tungependa kuona hoja ya Iraki ikipumzishwa.

Kainam iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mashariki ya mji wa Mbulu, katika nchi ambayo Wairaqw huiita Irqwar Da'aw, yaani nchi yao ya asili. Mgeni atokaye Haydom huona tofauti mara moja. Mabonde ni membamba na ya kijani. Miteremko imegawanywa kwa matuta. Samadi ya zizini huchukuliwa mpaka shambani. Na chini kabisa, mahali maji yanapochuruzika, kuna majani ya malisho na vijishamba vinavyomwagiliwa. Maofisa wa kikoloni waliusifu ukulima huu, wakaueleza kwa sababu moja: Wairaqw walizingirwa na Wamasai kule chini, wakabanwa milimani, wakalazimika kulima kwa bidii kila kipande. Kwamba walishambuliwa si uongo. Wazee husimulia nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, zikaezekwa udongo ili adui asizione. Lakini Lowe Börjeson, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu kilimo cha nyanda hizi, ameonyesha kwamba hoja ya kuzingirwa haitoshi. Matuta yale hayakuzaliwa na hofu ya siku moja. Yalijengwa kidogo kidogo, kila mwaka, na watu waliokuwa wakifanya kazi za kawaida za shamba, na kazi ya mwaka mmoja ikawa mtaji wa mwaka uliofuata.

Tunakubaliana naye, tena twaongeza kwamba palikuwa na hofu nyingine iliyoyalinda mabonde yale, nayo haikuwa ya Wamasai. Katika imani ya jadi ya Wairaqw wako Looaa na Neetlaangw. Looaa ni wa juu, wa mbinguni, naye husemwa kwa jinsia ya kike: mama mwema, mleta mvua na uzima. Neetlaangw hukaa chini, katika vijito na chemchemi. Husemwa kwa jinsia ya kiume, na ni wa kuogopwa. Mahali pa chemchemi si mahali pa kuchezea. Watu huteka maji, hurudi nyumbani. Hawafyeki ovyo, hawapigi kelele, na palipotendeka unajisi au kosa, wazee hukutana wakauliza kilichotokea. Ardhi ya jamii moja, iitwayo aya, ilikuwa na mipaka iliyotakaswa kwa ibada iitwayo masay, wakiongozwa na waganga wakuu waitwao qwaslare. Robert Thornton, katika kitabu chake cha mwaka 1980, aliandika kwamba Wairaqw walipohamia nchi mpya waliifanya iwe nchi yao kwa ibada hiyo kabla ya kuihesabu kuwa makazi. Basi waliokwenda kusini hawakubeba jembe na mbegu tu. Walibeba elimu ya mahali: jinsi ya kuijua chemchemi, ya kuiogopa, na ya kuitakasa nchi inayoizunguka.

Katika Kainam tulionyeshwa chemchemi iliyofunikwa kwa saruji, yenye bomba na foleni ya ndoo. Miti iliyoizunguka ilikuwa michache. Mzee mmoja, mkristo wa miaka mingi na mtu wa maneno machache, alitwambia kwamba alipokuwa mtoto pale palikuwa na kivuli hata mchana. Tukamwuliza ni nani aliyekata. Akajibu, "Ninyi mlituambia humu hamna mtu. Basi watoto wakaingia na panga." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mahindi, kisha akatukaribisha nyumbani kwake kula.

Ni haki tuseme kwamba jibu lake halitoshelezi historia yote. Yusufu Lawi, katika makala yake kuhusu Operesheni Vijiji mashariki mwa nchi ya Wairaqw mwaka 1974 mpaka 1976, ameeleza jinsi watu walivyohamishwa kutoka makazi yao ya zamani na kupangwa katika vijiji, na jinsi uhusiano wao na mandhari waliyoyafahamu ulivyovurugwa. Ongezeko la watu, uhitaji wa kuni na bei ya mbao vina sehemu yao pia. Hata hivyo sisi tulio watumishi wa Neno hatuwezi kujificha nyuma ya Operesheni Vijiji. Mahubiri yetu yalisema waziwazi kwamba chemchemini hamna mtu, na wengi wetu tuliyasema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, tukadhani ndiyo imani ya Matengenezo.

Je, ndiyo? Martin Luther alipotoa kijitabu chake cha ubatizo kwa Kijerumani mwaka 1523, aliweka ndani yake sala inayokumbuka gharika ya Nuhu, Bahari ya Shamu na mto Yordani. Hoja ya sala hiyo ni kwamba kwa ubatizo wa Kristo katika Yordani, Mungu ameyatakasa na kuyatenga maji yote kuwa ya wokovu. Alipokipunguza kijitabu hicho mwaka 1526 sala hiyo aliiacha ibaki, na maneno ya kumwamuru pepo mchafu atoke aliyafupisha tu, hakuyafuta. Tuyatafakari hayo tukiwa Kainam. Luther hakuwaambia Wajerumani wa Wittenberg kwamba maji ni matupu. Aliwaambia kwamba maji yana Bwana. Katika Katekisimo Ndogo anafundisha kwamba maji ya ubatizo si maji tu, bali ni maji yaliyounganishwa na Neno. Kati ya kusema "hamna mtu" na kusema "mna Bwana" kuna umbali mkubwa, na katika umbali huo ndimo miti ya chemchemi ile ilimokatwa. Mwanatheolojia atatuuliza kama hatufungui mlango wa kuchanganya dini. Tunaijua hatari hiyo. Lakini mtu aliyenyang'anywa hofu yake bila kupewa heshima mahali pake hajahubiriwa Injili yote, ameachwa katikati.

Kutoka ukingoni macho hushuka karibu mita 1,000 mpaka Ziwa Manyara. Msafiri Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna, alipita nchi hizi mwaka 1892, akawapasha watu wa Ulaya habari za maziwa ya Manyara na Eyasi, ambayo wenyeji walikuwa wakiyajua tangu enzi na enzi. Chini, ndani ya hifadhi, mahali paitwapo Maji Moto, maji huchimbuka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 70, kiasi cha kumwunguza mtu mkono. Jina lenyewe ni la Kiswahili tupu, halina fumbo. Maelezo ya wataalamu wa miamba nayo hayana fumbo kubwa: mvua inayonyesha nyanda za juu huzama katika nyufa, hushuka mpaka kwenye miamba yenye joto, kisha hupanda tena kwa kufuata mpasuko wa ufa. Kwa hiyo ukuta ule ule mmoja unatoa maji baridi juu na maji ya moto chini, na mvua inayowalisha watu wa milimani ndiyo inayolisha chemchemi za bondeni.

Tukiwa pale mwanafunzi mmoja alitukumbusha kwamba Biblia nayo ina maji moto. Ni katika Mwanzo 36, mstari wa 24, ambapo Ana mwana wa Sibeoni, akichunga punda za baba yake, aliona kitu jangwani. Neno la Kiebrania linalotumika hapo halipatikani mahali pengine popote katika Agano la Kale. Hieronimo alilitafsiri kwa Kilatini kuwa maji ya moto. Luther, kwa kuwafuata wengine, akaandika nyumbu. Tafsiri za siku hizi zimerudi kwa Hieronimo, na tafsiri ya Kiswahili tuliyoizoea vilevile inasema chemchemi za moto. Tulicheka kidogo kwamba safari hii tumwache Luther na nyumbu zake. Lakini kuna jingine la kutazamwa zaidi, nalo ni Yohana 5. Habari ya malaika aliyeyatibua maji ya Bethzatha haimo katika nakala za kale kuliko zote. Inaonekana iliongezwa na waandishi waliotaka kueleza kwa nini wagonjwa waliyangoja maji yatibuliwe. Hata hao, basi, waliona maji yakitikisika wakauliza ni nani aliyemo. Na Yesu hakumkemea mgonjwa, aliyekuwa hawezi kwa miaka 38, kwa kungoja kando ya birika. Alimwuliza kama anataka kuwa mzima.

Swali hilo la Bwana ndilo lililoulizwa Haydom kwa njia ya hospitali, na watu waliitika upesi kuliko wamisionari walivyotazamia katika nchi nyingine. Rekdal, katika makala yake ya mwaka 1999 kuhusu uganga unaovuka mipaka ya makabila, anatoa sababu inayostahili kufundishwa vyuoni. Wairaqw tangu zamani waliitafuta tiba kwa watu wa mbali, wakiamini kwamba uwezo mkubwa hutoka nje. Waliwaendea waganga wa Wadatoga. Walikwenda kwa Waihanzu kutafuta mvua. Daktari mgeni hakuwa jambo geni. Kumbe ile tunayoiita mara nyingi ushindi wa dawa ya kisasa juu ya jadi ilikuwa pia jadi ikifanya kazi yake ya siku zote.

Sasa chemchemi za moto zimepata wageni wa namna nyingine. Mapovu yanayopanda katika baadhi ya chemchemi za Tanzania yana gesi ya heliamu. Jambo hili lilikwisha kuandikwa wakati wa ukoloni, lakini mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walipotangaza habari za Rukwa, dunia ikageuza uso. Miamba ya kale sana imetunza gesi hiyo kwa muda mrefu usiohesabika kwa akili ya kawaida, na joto la ufa huifungua. Mabonde ya Eyasi na Balangida yamo katika orodha ya maeneo yanayotafutwa, na Haydom imekaa katikati ya mabonde hayo mawili. Gesi hiyo, pamoja na kazi nyingine, hupoza sumaku za mashine kubwa zinazowapiga picha wagonjwa hospitalini.

Wapimaji watakapofika katika usharika wa bondeni, watawauliza wazee wa kijiji chemchemi ni ya nani. Katika aya ya zamani swali hilo lilikuwa na jibu, na watu waliopaswa kulijibu walijulikana. Wazee wengi wa vijiji vya leo ni wazee wa kanisa pia, waliojifunza katekisimo kwetu. Tuliporudi Haydom jioni ile, njia ilikuwa na vumbi jingi, na wanawake walikuwa bado barabarani na madumu yao.